Kabla ya Kuflashi, Ijue Ramani ya Simu

Fundi simu wa Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, anamjua mteja huyu vizuri, na mwenzake wa Luthuli Avenue, Nairobi, anamjua vilevile. Ni kijana, mara nyingi mwanafunzi, na simu aliyoishika haiwaki. Akiulizwa kilichotokea, jibu ni moja: "Niliiflashi tu, fundi," yaani aliiandika upya programu ya simu. Akiulizwa aliandika faili gani, kwenye sehemu ipi ya simu, na kama alitunza nakala ya kilichokuwapo kabla, hana la kusema.

Udadisi wake hauna kosa. Mafundi wengi hodari walianza hivyohivyo, kwa kuchokonoa simu zao wenyewe usiku. Kilichompungukia ni msamiati. Alifuata video, akabonyeza pale alipoonyeshwa, na maneno kama eMMC, preloader, scatter na NVRAM yakampita kama yalivyo. Kumbe kila neno kati ya hayo linataja mahali mahususi ndani ya simu, na kila mahali pana hukumu yake: hapa pakifutwa panajazwa upya kwa dakika tano, pale pakifutwa hakuna faili duniani litakalopajaza. Mwanagenzi anayeitambua tofauti hiyo kabla hajachomeka waya wa USB ameshajiepusha na sehemu kubwa ya hasara.

Pa kuanzia ni boksi la simu. Huandikwa namba mbili, tuseme GB 64 na GB 4. Ya kwanza ni hifadhi, ndiko zinakokaa picha, programu na Android yenyewe, na vilivyomo hubaki hata betri ikiisha. Ya pili ni RAM, kumbukumbu ya muda inayobeba kile ambacho simu inakifanyia kazi sasa hivi. Simu ikizimwa, yote yaliyomo hupotea. Kuflashi hakuachi alama kwenye RAM. Kila hatari itakayojadiliwa hapa iko upande wa hifadhi.

Siku hizi matangazo yameongeza namba ya tatu. Bango linasema RAM ya GB 8, na pembeni kwa maandishi madogo, 4+4. Kila kampuni ina jina lake la biashara kwa jambo hilo, Samsung kwa mfano wanaliita RAM Plus, lakini kazi ni ileile: GB 4 ni RAM halisi, na nne nyingine zimekatwa kutoka kwenye hifadhi ili zipokee vitu ambavyo RAM imeshindwa kuvibeba. Hifadhi ni nzito kuliko RAM kwa mbali sana, na kila inapoandikwa inachakaa kidogo. Kwa hiyo anayenunua simu ahesabu ile nne ya kwanza tu, na mwenye simu ya bei nafuu anayetaka idumu ana sababu nzuri ya kuzima nyongeza hiyo kwenye mipangilio. Ukweli wa RAM unasomeka kwa kompyuta: simu ikiunganishwa kwa adb, programu ya kompyuta ya kuzungumza na Android, na kuombwa faili la /proc/meminfo, mstari wa MemTotal huonyesha RAM halisi, pungufu kidogo tu kwa sababu modemu na kichakata picha hujitengea zao mapema.

Kuna udanganyifu mbaya kuliko huo. Simu bandia inaweza kuonyesha GB 256 kwenye mipangilio huku chipu iliyomo ni ya GB 16, kwa sababu namba inayosomeka pale ni maandishi yanayotolewa na programu ya simu, na mwenye kuitengeneza programu hiyo huandika anachotaka. Kipimo cha uhakika ni kuijaza hifadhi kwa mafaili makubwa, kisha kuyafungua moja moja kuona kama yote ni mazima.

Upungufu mwingine hauna hila ndani yake. Viwanda huhesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja kamili, wakati kompyuta nyingi huhesabu kwa mafungu ya 1,024. Kwa hesabu ya pili, chipu ya GB 64 inasomeka 59.6, na ya GB 128 inasomeka 119.2. Kisha Android inachukua nafasi yake. Mwaka 2013 wanunuzi wa Galaxy S4 nchini Uingereza walilalamika hadi kipindi cha kutetea walaji cha BBC kikalichukua suala hilo: simu iliyouzwa kwa jina la GB 16 ilibakiza takriban GB 9 tu kwa mwenye simu. Nafasi iliyobaki ilikuwa imekaliwa na mfumo na programu za kampuni.

Neno ROM nalo limebebeshwa mizigo mitatu, na anayeanza lazima aitenganishe. Kwenye boksi, ROM ni hifadhi ileile ya GB 64. Kwa wachokonoaji, ROM ni kifurushi kizima cha Android cha kupakia kwenye simu. Kwa maana hiyo CyanogenMod, iliyokufa Desemba 2016, na LineageOS iliyoirithi, huitwa ROM. Na ndani kabisa ya kichakato kuna ROM ya kweli, maandishi mafupi yaliyochomwa kiwandani ambayo hakuna waya wala programu inayoweza kuyabadilisha. Hiyo ya tatu ndiyo inayookoa simu nyingi zilizodhaniwa kufa, na itarudi baadaye.

Hifadhi yenyewe ni chipu. Kwenye simu nyingi za bei nafuu ni ya aina ya eMMC. Kwenye za bei kubwa ni UFS, ambayo Galaxy S6 ya mwaka 2015 ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kuitumia. UFS husoma na kuandika kwa wakati mmoja, eMMC hufanya moja baada ya jingine. Zote mbili zimejengwa kwa seli za NAND, na NAND ina tabia moja inayoeleza mengi: haiwezi kuandika juu ya maandishi ya zamani mpaka kwanza ifute fungu zima. Simu isiyoiambia chipu ni mafungu gani hayatumiki tena huzidi kuwa nzito kadiri inavyozeeka. Tableti ya Nexus 7 ya mwaka 2012 ilipata sifa mbaya kwa jambo hilo hasa, na Android 4.3, iliyotoka Julai 2013, ilileta utaratibu wa kuiarifu chipu mara kwa mara wakati tableti imepumzika.

Jambo ambalo wanaoanza wengi hawalijui ni kwamba chipu ya eMMC ina kidhibiti chake ndani, na kidhibiti hicho kina programu dhibiti (firmware) yake, tofauti kabisa na ile ya simu. Ndicho kinachoamua data iandikwe kwenye seli zipi ili zichakae kwa usawa, na kina daftari lake la ndani la kukumbuka kila kitu kilipo. Mwaka 2012 daftari hilo liliua simu nyingi. Wenye Galaxy Note ya kwanza, GT-N7000, walipata Android 4.0. Toleo lililotangulia halikuwa likituma amri ya kufuta kwenye chipu wakati wa kusafisha simu; toleo jipya liliituma. Baadhi ya chipu zilikuwa na kosa kwenye programu dhibiti yake, na amri ile ilipofika, daftari la ndani liliharibika. Mtu aliingia kwenye menyu ya recovery, akachagua kufuta data kama alivyofanya mara nyingi huko nyuma, na simu ikaganda katikati. Haikuwaka tena. Kuiflashi upya hakukusaidia, kwa sababu uandishi uligoma kila ulipofika kwenye eneo lile lile. Waliofanikiwa kuziokoa bila kubadilisha chipu walipanga upya sehemu za hifadhi ili ziruke eneo lililoharibika, na wakakubali kupoteza nafasi hiyo.

Wenye simu hizo hawakuwa wazembe. Walibonyeza kitufe kilichowekwa na mtengenezaji. Lakini wale waliojua maana ya eMMC na kerneli, kiini cha mfumo kinachotuma amri kwa chipu, waliielewa hatari ilipoanza kuandikwa, wakasubiri kerneli isiyotuma amri ile, na simu zao zikapona. Hapo ndipo msamiati unapolipa.

Sasa programu dhibiti yenyewe. Mafundi wengi huiita faili tu: "Lete nikutafutie faili la simu hii." Kwa hakika ni mafaili mengi yanayoamshana kwa zamu. Mfano mzuri ni simu zenye vichakato vya MediaTek, ambavyo vimo kwenye Tecno na Infinix nyingi zinazouzwa Afrika Mashariki. Kitufe cha kuwasha kikibonyezwa, ya kwanza kuamka ni ile ROM ya kweli iliyochomwa ndani ya kichakato. Nayo huisoma preloader kutoka kwenye hifadhi. Preloader huiandaa RAM, kisha huiita lk, ambayo ndiyo butiloda yenye kuonyesha nembo ya kampuni. Lk huipakia kerneli kutoka sehemu iitwayo boot, na kerneli ndiyo inayoiamsha Android. Modemu ina programu yake pembeni.

Anayeujua mpangilio huo anaweza kukisia ugonjwa kwa kutazama simu inapokwama. Inayoonyesha nembo na kuganda hapo imeshavuka preloader na lk. Mara nyingi tatizo liko kwenye boot, kwenye mfumo, au kwenye data ya mtumiaji, na dawa yake kwa kawaida ni kuflashi upya sehemu hizo. Isiyoonyesha chochote kabisa, hata nembo, lakini kompyuta ikichomekwa inatoa mlio na kuonyesha kifaa cha MediaTek kwa sekunde chache, huenda ina preloader mbovu. Wengi huitupa hapo. Kumbe ile ROM ya ndani ya kichakato bado ni nzima, inasubiri maelekezo kupitia USB, na preloader sahihi inaweza kurudishwa. Kwenye simu za Qualcomm kuna njia kama hiyo, nayo huonekana kwenye kompyuta kwa namba 9008. Isiyojibu kwa waya wala kwa kitufe ni kazi ya fundi mwenye vifaa vya kugusa chipu moja kwa moja, na mara nyingine kosa ni betri tu.

Hifadhi ya simu imegawanywa katika sehemu ziitwazo patisheni, na kila moja ina mwanzo na ukubwa wake. Kwenye simu za MediaTek ramani hiyo huandikwa kwenye faili la maandishi ya kawaida liitwalo scatter, linalokuja ndani ya kifurushi cha kuflashia. Ni sawa na ramani ya viwanja vilivyopimwa: bikoni ya kila kiwanja imeandikwa, na anayejenga bila kuisoma huangusha ukuta wa jirani. Faili hili linafunguka kwa programu yoyote ya kuandikia, na mwanagenzi afungue la simu yake alisome lote kabla ya kufanya jambo jingine lolote. Juu kabisa litataja kichakato, mathalani MT6765, kinachouzwa kwa jina la Helio P35, na aina ya hifadhi, EMMC au UFS. Kama kichakato hicho si cha simu iliyopo mezani, faili hilo si lake, hata kama jina la simu linafanana.

Chini yake patisheni zinafuatana, kila moja na jina, faili lake, anwani inapoanzia na ukubwa. Namba hizo huanza na 0x kwa sababu zimeandikwa kwa hesabu ya msingi wa kumi na sita, ambamo baada ya 9 zinakuja A hadi F, yaani 10 hadi 15. Zinatisha kwa macho tu. Thamani ya 0x100000 ni MB 1 kamili, hivyo anayetaka ukubwa kwa MB afunike tarakimu tano za mwisho kwa kidole na kuzisoma zilizobaki. Ukubwa wa 0x2000000 unabaki 20, ambayo ni 2 mara 16, yaani MB 32. Ukubwa wa 0x5A00000 unabaki 5A: 5 mara 16 ni 80, ongeza A ambayo ni 10, jumla MB 90.

Namba hiyo ya mwisho ina historia. HTC Dream, iliyouzwa Marekani mwaka 2008 kwa jina la G1, ndiyo simu ya kwanza ya Android kuingia sokoni. Ilikuwa na RAM ya MB 192 na hifadhi ya MB 256, na patisheni yake ya system ilikuwa 0x4380000, yaani MB 67.5. Android ilivyokua, nafasi hiyo ikawa haitoshi. Mwaka 2009 wachokonoaji waligundua kwamba butiloda ya simu jirani ya HTC, ikipakiwa kwenye G1, hupanga patisheni upya na kuipa system MB 90. Kila mtu aliitaka. Wenyewe waliipa jina la hatari, Danger SPL, na haikuwa mbwembwe: ilidai programu ya modemu ya toleo jipya iwe imeshawekwa. Waliotanguliza modemu walipata nafasi yao. Waliotanguliza butiloda waliishia na simu iliyoganda kwenye skrini ya kwanza, isiyoingia popote. Mafaili yalikuwa yaleyale mawili. Mpangilio ndio uliotofautisha simu nzima na iliyokufa. Hadi leo maelekezo mazuri ya kuflashi yanataja kipi kitangulie, na asiyeeleza sababu ya mpangilio wake asiaminiwe haraka.

Ndani ya scatter kuna mistari ambayo mwanagenzi anapaswa kuitafuta kwa jicho kali: nvram, nvdata, protect1, protect2. Pale ambapo patisheni ya boot imetajiwa faili la boot.img, mistari hii kwa kawaida huandikwa NONE. Maana yake kifurushi cha kampuni hakina faili la kuzijaza. Hakiwezi kuwa nalo, kwa sababu vilivyomo ni vya simu hiyo moja peke yake: namba zake za IMEI zinazoitambulisha kwenye mtandao, vipimo vya antena vilivyorekebishwa kiwandani, anwani ya Wi-Fi. Kwenye Samsung kazi hiyo hufanywa na sehemu iitwayo EFS, na kwenye simu za Qualcomm na modemst1 na modemst2.

Programu ya SP Flash Tool, inayotumika kwa simu za MediaTek, ina kitufe cha kuchagua namna ya kuandika. "Download Only" huandika patisheni zilizochaguliwa na kuacha nyingine. "Format All + Download" hufuta kila kitu kwanza, nvram ikiwemo. Anayeanza huvutiwa na hiyo ya mwisho kwa sababu inasikika kama usafi kamili. Simu huwaka vizuri, Android mpya kabisa, ila hakuna mtandao, na akibonyeza *#06# anaona namba batili au patupu. Kati ya maangamizi yote ya kuflashi hili ndilo la kusikitisha zaidi, kwa sababu lingezuiwa kwa nakala ya dakika chache.

Na hapo suala linatoka mezani kwa fundi na kuingia kwenye sheria. Kenya ilizima simu zenye IMEI bandia mwishoni mwa Septemba 2012, Tanzania ikafuata Juni 2016 chini ya mamlaka ya mawasiliano, TCRA, na katika nchi zote mbili kubadilisha IMEI ni kosa la jinai. Mtanzania anaweza kuhakiki yake kwa kutuma namba hiyo kwenda 15090. Kwa hiyo maelekezo ya "kuandika IMEI yoyote" yanayozagaa yasifuatwe hata kidogo. Simu iliyopoteza namba yake halali, na haina nakala, ipelekwe kituo cha huduma cha kampuni pamoja na boksi lenye namba halisi.

Kujirudisha nyuma kuna mtego wake. Wengi hudhani toleo la zamani la Android ni salama daima kwa kuwa lilishawahi kukaa kwenye simu hiyo. Kampuni nyingi zimeweka kizuizi: simu hukumbuka namba ya usalama ya toleo la juu kabisa lililowahi kuwekwa, na hukataa yenye namba ndogo. Mwaka 2018 baadhi ya wenye Redmi Note 5 Pro ya Xiaomi walijaribu kurudi toleo la nyuma baada ya kizuizi hicho kuwashwa, na simu zao zikafa kabisa. Kumbe amri moja kutoka kwenye kompyuta, fastboot getvar anti, ingewapa namba hiyo kabla ya kugusa kitu.

Samsung wao huiandika namba hiyo kwenye jina la toleo lenyewe, na kulisoma ni ujuzi wa dakika moja. Tuseme jina ni A125FXXU3CVI1. A125F ni modeli ya simu, Galaxy A12. XX ni eneo la soko. Herufi na tarakimu nne za mwisho, CVI1, ni umri wake: C ni kizazi cha Android tangu simu itoke, cha tatu, V ni herufi ya 22, yaani mwaka 2022, I ni ya tisa, Septemba, 1 ni toleo la kwanza la mwezi huo. Ile 3 iliyo ya tano kutoka mwisho ndiyo namba ya kizuizi. Simu yenye 3 inakubali 3 au zaidi. Ikipewa 2, Odin, programu ya kuflashia Samsung, itagoma na skrini itaandika SW REV CHECK FAIL. Hapo simu haijaharibika. Imekataa tu, na inataka faili lenye namba inayofaa. Katika Odin hiyohiyo, faili la CSC hufuta data ya mtumiaji ilhali HOME_CSC huiacha, tofauti ya neno moja ambayo imegharimu watu picha za miaka.

Butiloda za leo huja zimefungwa. Kuzifungua, pale kampuni inaporuhusu, hufuta data yote kwa makusudi, ili mwizi asiweze kuitumia njia hiyo kusoma picha za mtu. Baada ya hapo simu nyingi za MediaTek huandika Orange State kila zinapowaka na kusubiri sekunde tano. Huo si ugonjwa. Simu inatangaza kwamba haihakiki tena kile inachokipakia. Kwenye Samsung, kuweka programu isiyo rasmi huunguza fyuzi ndogo ndani ya kichakato, na huduma kama Secure Folder hazirudi hata programu asilia ikirejeshwa. Programu nyingi za benki nazo hukataa kufunguka kwenye simu iliyofunguliwa butiloda au kuruutiwa, yaani kupewa mamlaka ya juu kabisa. Mtu ayapime haya kabla, kwa sababu kwa wengi wanaotaka tu simu iwe nyepesi, kusafisha hifadhi na kuondoa programu zisizotumika kunatosha.

Patisheni nazo zimebadilika, na video za zamani hazijui. Tangu Android 7.0 ya mwaka 2016 simu nyingi zina nafasi mbili, a na b, ili toleo jipya liandikwe kwenye moja huku simu ikitumia nyingine. Tangu Android 10 ya mwaka 2019, system na vendor zimeingizwa ndani ya patisheni moja kubwa iitwayo super, na mipaka yao ya ndani hupangwa na programu. Anayetafuta mstari wa system kwenye scatter ya simu mpya hataukuta, na akilazimisha kuandika faili la system kwa njia ya kale ataharibu super nzima. Data ya mtumiaji imesimbwa, kwa hiyo kunakili patisheni ya userdata ikiwa ghafi hakumwokolei mtu chochote butiloda ikishafunguliwa. Picha na mawasiliano yanakiliwe kwa njia ya kawaida, simu ikiwa bado inawaka.

Kazi ya kwanza ya mwanagenzi, basi, iwe kusoma na kunakili, na kuandika kuje baadaye. Kwenye SP Flash Tool kuna ukurasa wa "Readback" unaonakili patisheni kutoka kwenye simu kwenda kwenye kompyuta, nao unauliza hasa mambo mawili: anwani ya mwanzo na urefu. Zote zipo kwenye scatter, na aliyejifunza kuzisoma anaweza kuichukua nvram, nvdata, protect1 na protect2 bila kugusa kitu kingine. Baadhi ya simu mpya hudai uthibitisho wa kampuni kabla ya kufungua mlango huo. Zikigoma, zisilazimishwe kwa programu za kuokota. Faili lolote la kuflashia lipakuliwe kwa modeli kamili iliyoandikwa kwenye mipangilio ya simu, na likiambatana na namba ya uhakiki ya MD5 au SHA-256, ihakikiwe, maana upakuaji uliokatika njiani huleta faili linaloonekana zima. Betri iwe na chaji ya kutosha, waya uwe mzima, na kompyuta ya mezani isitumike siku umeme unapokatika-katika.

Simu ya kujifunzia iwe ya zamani, yenye kichakato kinachojulikana sana, na ambayo ikifa nyumbani hapatakuwa na kilio. Ile yenye laini ya M-Pesa na picha za watoto iachwe kama ilivyotoka kiwandani, mpaka nakala ya nvram yake iwe imeshatunzwa sehemu mbili tofauti na mwenyewe ameweza kueleza, bila kutazama video, kila mstari wa scatter yake unataja nini.